Chagua Kwanza, Ndipo Ukate: Kuweka Alama kwenye Maandishi kwa Kibodi Peke Yake



Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta. Mara nyingi ni kuukuu, imetoka shuleni au kwa mtu wa mjini. Mausi yake imekufa, nguvu zake ni kidogo, lakini kibodi bado inafanya kazi. Msiitupe. Kwa kibodi peke yake katibu anaweza kuandika kumbukumbu za mkutano, na mweka hazina anaweza kutunza orodha ya michango.

Shida moja ipo. Kuandika si kugumu. Ugumu uko kwenye kurekebisha yale yaliyokwisha andikwa. Mtu anataka kufuta mstari mmoja, kumbe amefuta mitatu. Kama ni barua ya mwaliko, hasara ni ndogo, ataandika tena. Lakini kama ni mstari wa michango ya mama fulani, basi siku ya kugawana pesa mwisho wa mwaka kutakuwa na maneno. Yeye atasema nililipa, orodha itasema hayumo. Kikundi kilichojengwa kwa miaka mingi kinaweza kuvunjika kwa ajili ya kitufe kimoja tu.

Somo hili linafundisha njia ya kuzuia mambo hayo. Njia yenyewe ni fupi: chagua kwanza, tazama ulichochagua, ndipo utoe amri. Fundi wa nguo hufanya vivyo hivyo. Anapiga mstari wa chaki kwenye kitambaa, anapima, anatazama tena, ndipo anashika mkasi.

1. PROGRAMU YENYEWE NA ILIKOTOKA

Programu tutakayotumia inaitwa Vim. Ni ya kuandika na kurekebisha maandishi matupu, yaani herufi na tarakimu bila mapambo. Haiuzwi, hutolewa bure. Kompyuta za Mac huja nayo, na nyingi za Linux pia huja nayo au na ndugu yake. Za Windows zinaweza kuwekewa. Hata kwenye simu ya Android inaweza kuwekwa kupitia programu ya Termux. Kompyuta ya zamani haichoki nayo.

Babu yake ni programu iitwayo vi, iliyoandikwa na Bill Joy huko Berkeley, Marekani, mwaka wa 1976. Kompyuta aliyoitumia haikuwa na mausi. Kibodi yake ilikuwa na vishale vilivyochorwa juu ya herufi H, J, K na L. Ndiyo sababu mpaka leo herufi hizo nne ndizo zinazotembeza mtu ndani ya maandishi: h kushoto, j chini, k juu, l kulia. Vishale vya kawaida vya kibodi pia vinafanya kazi, kwa hiyo msiogope.

Baadaye Mholanzi mmoja, Bram Moolenaar, alitengeneza Vim na kuitoa kwa watu mwaka wa 1991. Kitu kimoja kikubwa ambacho Vim imeongeza juu ya vi ni hili tunalojifunza leo: kuchagua maandishi na kuyaona yamegeuka rangi kabla ya kuyafanyia jambo lolote.

Habari za mtu huyu zinatugusa sisi watu wa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1994 alijitolea kufanya kazi mwaka mzima katika kituo cha watoto cha Kibaale, sehemu za Rakai, kusini mwa Uganda. Eneo lile lilikuwa limepigwa vibaya na ukimwi, na watoto wengi walikuwa yatima. Alisaidia kukipanua kituo na alishughulika na mambo ya maji na usafi. Aliporudi kwao hakuwasahau. Badala ya kuuza programu yake, aliomba kila anayefaidika nayo atoe mchango kwa ajili ya watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi, mtu akiifungua Vim tupu, aliliona ombi hilo kwenye kioo cha kompyuta. Moolenaar alifariki mwezi wa Agosti 2023, lakini ukiandika :help uganda ndani ya Vim na kubonyeza Enter, habari za kituo kile utazisoma. Sisi tuliozoea harambee tunaielewa njia hiyo bila kuelezwa.

2. ELEWENI HALI MBILI KWANZA

Wengi wanaoanza Vim hukwama hapa, basi tuende polepole.

Vim ina hali ya amri na hali ya kuandika. Ukiifungua, unakuta iko kwenye hali ya amri. Ukibonyeza herufi, haiandikwi. Inachukuliwa kuwa ni agizo. Ukitaka kuandika, bonyeza i. Chini ya kioo patatokea maneno -- INSERT --. Sasa andika kama kawaida. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha Esc, nawe umerudi kwenye hali ya amri.

Ukipotea na hujui uko hali gani, bonyeza Esc. Bonyeza hata mara mbili, haidhuru.

Kuhifadhi kazi: Esc, kisha :w na Enter. Kutoka: :q na Enter. Kutoka bila kuhifadhi mabadiliko, kwa mfano kama mambo yameharibika: :q! na Enter.

3. NJIA TATU ZA KUCHAGUA

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo somo letu. Inaingiwa kwa njia tatu, zote ukiwa kwenye hali ya amri.

(a) v ndogo: kuchagua herufi na maneno. Weka kielekezi (kile kijisanduku kinachometa) mahali unapotaka kuanzia, bonyeza v, kisha tembea. Kila unapopita panageuka rangi. Chini pameandikwa -- VISUAL --. Kumbuka kwamba herufi iliyo chini ya kielekezi nayo imo.

(b) V kubwa, yaani Shift na v: kuchagua mistari mizima. Hapa huhitaji kujua mstari unaanzia wapi na kuishia wapi. Ukigusa mstari, wote umechaguliwa. Kwa orodha ya wanachama, hii ndiyo njia salama kuliko zote, maana haiwezi kuacha nusu ya mstari nyuma.

(c) Ctrl na v pamoja: kuchagua safu, yaani kipande kinachoshuka kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayekata mstari mmoja wa mahindi katikati ya shamba bila kugusa mistari ya kando. Kwenye kompyuta nyingine za Windows vitufe hivyo hubandika badala ya kuchagua. Hapo tumia Ctrl na q.

Ukibadili mawazo, bonyeza Esc. Rangi inaondoka na hakuna kilichoharibika.

Vitembezi vya kukusaidia ukishaanza kuchagua:

- w: neno linalofuata. b: kurudi neno moja nyuma. e: mwisho wa neno.
- 0 (sifuri): mwanzo wa mstari. $: mwisho wa mstari.
- gg: juu kabisa ya faili. G: chini kabisa.
- Tarakimu mbele ya kitembezi humaanisha mara ngapi. 4j ni kushuka mistari minne.
- o: kuruka kwenda upande wa pili wa ulichochagua. Kama ulianzia pabaya, bonyeza o, rekebisha mwanzo, endelea. Huna haja ya kuanza upya.

4. UKISHACHAGUA, TAZAMA NA UHESABU

Hapa ndipo palipo na ulinzi wa kikundi. Usikimbilie amri. Tazama rangi imeanzia wapi na imeishia wapi. Kisha hesabu.

Vim inaweza kukuhesabia. Ukiandika :set showcmd na Enter, basi kila unapochagua utaona tarakimu chini upande wa kulia. Ukichagua mistari mitano, utaona 5. Ukichagua safu, utaona mistari mingapi kwa herufi ngapi. Kama ulitaka mitano na kompyuta inasema 6, simama hapo hapo. Mmoja umeingia usiotakiwa.

Baada ya hapo, toa amri moja kati ya hizi:

- d: kukata.
- y: kunakili, bila kukata.
- c: kufuta na kuandika kingine mahali pake.
- p (rangi ikiwa imeshaondoka): kubandika ulichokata au ulichonakili, baada ya kielekezi. P kubwa: kabla yake.

Na hii ishikeni kabisa: u ni kurudisha kama ilivyokuwa, ukiwa kwenye hali ya amri. Umekata vibaya? Bonyeza u. Umekata vibaya mara tatu? Bonyeza u mara tatu. Ukirudisha kupita kiasi, Ctrl na r inasonga mbele tena. Lakini kwa kawaida ukishatoka kwenye faili, u haikusaidii tena. Kwa hiyo pitieni kazi yote kabla ya kuifunga.

5. MFANO: MICHANGO YA MWEZI

Tuseme kikundi chenu kina wanachama watano, na kila mmoja ana namba. Mweka hazina amefungua faili kwa kuandika vim michango.txt, naye ameandika hivi:

01  Januari  200
02  Januari  200
03  Januari  150
04  Januari  200
05  Januari  200

Februari imefika. Hakuna haja ya kuandika yote upya. Afanye hivi:

Hatua ya 1. Esc, kisha gg ili kwenda mstari wa kwanza. Bonyeza V kubwa, kisha 4j. Mistari mitano imegeuka rangi. Ahesabu: ni 5? Vyema.

Hatua ya 2. Abonyeze y. Rangi inaondoka, na Vim inasema kwamba mistari 5 imenakiliwa.

Hatua ya 3. G kwenda chini kabisa, kisha p. Mistari mitano mipya imetokea, na kielekezi kiko kwenye ule wa kwanza wa mipya.

Hatua ya 4. Abonyeze w ili kielekezi kikae kwenye J ya Januari. Sasa Ctrl na v, 4j, halafu e. Neno Januari limegeuka rangi kwenye mistari yote mitano mipya, na namba na pesa hazikuguswa.

Hatua ya 5. Abonyeze c, aandike Februari, kisha Esc. Wengi hushtuka hapa, kwa sababu wakati wa kuandika wanaona mstari mmoja tu umebadilika. Msishtuke. Ukibonyeza Esc, mingine yote inafuata.

Hatua ya 6. Hii msiiruke hata kidogo. Pesa zinazoonekana sasa ni za Januari! Kunakili si kulipa. Mkiziacha, orodha itasema watu wamelipa Februari na hawajalipa. Abonyeze w ili afike kwenye pesa, kisha Ctrl na v, 4j, e, halafu c, aandike 0, na Esc. Sasa kila mtu ana sifuri, na mweka hazina ataandika pesa za mtu pale anapozipokea mkononi.

Hatua ya 7. :w na Enter.

Kazi iliyokuwa ya dakika nyingi imekwisha, na hakuna mstari wa mtu uliopotea.

Jambo jingine la faida: mkiombwa orodha ya mwezi mmoja tu, msitume faili nzima yenye habari za watu wote za mwaka wote. Chagua mistari inayotakiwa kwa V, kisha bonyeza alama ya nukta mbili. Vim yenyewe itaandika :'<,'> ikimaanisha "hii mistari iliyochaguliwa". Usifute alama hizo. Malizia kwa kuandika w februari.txt na Enter. Faili mpya imezaliwa yenye mistari ile tu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na hata kama isingekuwapo, mambo ya pesa za mwanachama si ya kutawanywa ovyo.

Kwa njia hiyo hiyo, ukichagua mistari na kuandika sort baada ya alama zile, mistari inajipanga kwa utaratibu wa alfabeti. Inafaa kwa orodha ya majina.

6. HATARI ZA KUJIHADHARI NAZO

Hatari ya kwanza ni Caps Lock. Ukiisahau imewashwa, j ya kushuka inakuwa J, na J huunganisha mistari kuwa mmoja. Orodha nzima inaweza kujikunja kuwa mstari mrefu. Angalieni taa yake kabla ya kuanza. Ikitokea, zimeni Caps Lock kwanza, kisha Esc na u.

Hatari ya pili ni kitufe cha u penye rangi. Maandishi yakiwa yamechaguliwa, u hairudishi chochote. Inageuza herufi kubwa kuwa ndogo. Ondoa rangi kwa Esc kwanza, ndipo ubonyeze u ya kurudisha.

Hatari ya tatu ni kukata mara mbili. Ukikata mstari kwa nia ya kuuhamisha, kisha ukakata kingine njiani, p itabandika kile cha mwisho. Ukikata kitu cha kuhamisha, nenda ukakibandike kwanza. Mengine baadaye.

Hatari ya nne ni kufikiri rangi zote ni moja. Mnaweza kutafuta neno kwa kubonyeza / na kuandika neno lenyewe, kwa mfano /150 na Enter. Kubonyeza n kunakupeleka penye jingine, na N kunakurudisha. Ukiandika :set hlsearch na Enter, kila 150 iliyomo inapata rangi, na hii inafaa sana kuona kwa haraka nani hakumaliza mchango wake. Lakini rangi hiyo ni ya kuonyesha tu. Hujachagua kitu. Kuchagua ni pale chini ya kioo panaposema VISUAL. Ili kuondoa rangi ya utafutaji, andika :noh na Enter.

Na ikiwa rangi ya uchaguzi imeondoka kabla hujamaliza kazi, bonyeza gv. Itarudi palepale ilipokuwa.

7. MAZOEZI YA KIKUNDI

Msifanye mazoezi kwenye faili ya kweli. Fungueni nyingine kwa kuandika vim mazoezi.txt, andikeni mistari ile mitano ya mfano, kisha mfanye haya kwa zamu. Mmoja anabonyeza, mwingine anatazama na kusema kwa sauti kilichochaguliwa.

1. Chagua mstari wa 03 peke yake, ukate, urudishe kwa u.
2. Hamisha mstari wa 05 uwe wa kwanza. (Dokezo: V, d, gg, kisha P kubwa.)
3. Weka KSh mbele ya kila kiasi. Simama kwenye tarakimu ya kwanza ya pesa, Ctrl na v, 4j, kisha I kubwa, andika KSh na nafasi moja, Esc.
4. Fanyeni hatua zote saba za Februari bila kutazama karatasi.

Yule wa kutazama si wa mapambo. Hata pesa taslimu hazihesabiwi na mtu mmoja peke yake, na orodha ya pesa ni vivyo hivyo. Tena daftari la karatasi lisiachwe. Umeme hukatika na kompyuta hufa, lakini daftari lenye sahihi za wanachama hubaki.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani anaruhusiwa kubadilisha orodha ya michango? Je, anafanya akiwa peke yake?
2. Ikiwa mstari wa mwanachama umepotea leo, tutajuaje? Tutaupata wapi?
3. Ni habari gani za wanachama zisizofaa kutoka nje ya kikundi?
4. Ni nani kati ya vijana wetu anayeweza kuwafundisha wengine wawili somo hili kabla ya mkutano ujao?